Saa Moja ya Muvi ni Shilingi Ngapi?

Siku kifurushi chetu kilipokata, mama yangu alikuwa amekaa mkao wa kula. Saa mbili na nusu usiku, tamthilia ya Kituruki imefika pale ambapo binti anataka kumfichulia baba mkwe siri ya mtoto, mara kioo kikawa cheusi, yakabaki maandishi ya kututaka tulipie. Mama hakugomba. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya khanga, akauliza taratibu: "Mwanangu, kwani hii mashine mnailipia ya nini kama haimalizi hadithi?"

Nikamweleza kwamba tunalipia kwa mwezi, na mwezi umeisha.

"Umeisha wapi? Mbona mimi nimefika juzi tu?"

Mama alikuja kutoka Tanga mwanzoni mwa Machi kutibiwa macho, akakaa nasi Tabata hadi mwisho wa Mei. Kabla ya hapo nilikuwa nalipa king'amuzi kila mwezi kama ninavyolipa takataka: naona meseji, natuma pesa, nasahau. Swali lake lilinikera kwa sababu sikuwa na jibu. Kesho yake nikachukua daftari la mwanangu lililobakia kurasa, nikaanza kuandika kila shilingi inayotoka nyumbani kwangu kwenda kwenye muvi, tamthilia, vipindi vya rialiti na umbea wa wasanii, na pembeni naandika saa ngapi tumetazama kweli na tulikuwa wangapi.

Niseme mapema mimi ni mtazamaji wa aina gani. Mimi si mjuzi wa filamu. Majina ya waongozaji yananipita, na muvi ikizidi saa mbili nasinzia. Natazama tamthilia moja ya Kibongo siku za kazi nikiwa nachambua mchicha, muvi moja Jumamosi mume wangu akiwa hana mpira, na yaliyobaki yananifikia saluni. Watu wa namna yangu ndio tunaoibiwa kimyakimya, na anayetuibia hakuna, tunajiibia wenyewe. Mpenda mpira anajua kabisa amenunua mechi ngapi. Sisi wa kutazama kidogo tunalipa bei ileile anayolipa asiyebanduka kwenye kochi.

Tuanze na king'amuzi, maana ndicho kilicholeta kesi. Kifurushi chetu ni cha kati, shilingi 28,000 kwa mwezi. Mwezi wa Aprili, mama akiwepo, televisheni ilitazamwa wastani wa saa nne kwa siku. Sihesabu zile saa inapojisemea yenyewe watu wako nje wanafua. Saa nne kwa siku thelathini ni saa 120. Gawanya: shilingi 233 kwa saa. Na kwa kuwa mara nyingi walikuwa wamekaa watatu (mama, binti yangu akitoka shule, na mdogo wangu wa kiume ambaye anasema hapendi tamthilia lakini anajua majina ya wahusika wote), kila mtu alitazama kwa chini ya shilingi 80 kwa saa. Umeme haufuti hesabu hiyo. Televisheni yetu ya inchi 32 ilikula kama uniti sita za LUKU kwa mwezi mzima, yaani elfu mbili na ushee.

Sasa nikafanya hesabu ya Februari, kabla mama hajaja. Binti alikuwa bize na masomo, mdogo wangu alikuwa Morogoro, na mimi na tamthilia yangu ya nusu saa, siku tano kwa wiki, tulifikisha kama saa 10. Gawanya 28,000 kwa 10. Ni shilingi 2,800 kwa saa. King'amuzi ni kilekile, dishi lilelile juu ya bati, chaneli zilezile. Mama alitazama kwa bei ya karanga, mimi nilitazama kwa bei ya chipsi kavu.

Ndiyo maana sipendi mtu akiniuliza king'amuzi gani ni rahisi. Kwanza niambie kwako mko wangapi, na nani yuko nyumbani mchana.

Lipo jambo jingine ambalo bei haionyeshi, nalo ni lugha. Mama anasoma Kiswahili vizuri, lakini maandishi ya chini ya picha yanamkimbia, na Kiingereza ni cha kuombea maji. Kwake yeye maktaba yote ya muvi za Kimarekani, hata ungempa bure, ni saa sifuri. Tamthilia zilizoingizwa sauti za Kiswahili ndizo zilizomfanya awe mtazamaji. Anakumbuka Doudou na Mama Wakwe Zake, ile ya Kichina iliyorushwa na TBC mwaka 2011 Wachina wote wakizungumza Kiswahili. Ilipendwa hadi Rais Xi Jinping aliitaja kwenye hotuba yake Dar es Salaam Machi 2013. Baadaye Azam TV wakamletea tamthilia ya Sultan, na tangu hapo akawa mtu wa Waturuki. Kwa hiyo kama mnunuzi katika nyumba yenu ni bibi, usihesabu chaneli. Hesabu chaneli zinazosema naye.

Wakubwa wenzangu mtakumbuka tulivyofika hapa. Dar es Salaam mitambo ya analojia ilizimwa usiku wa Desemba 31, 2012, na antena zetu za waya zikageuka kamba za kuanikia nguo. Tukanunua king'amuzi. Mwaka 2018 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ikaamuru baadhi ya ving'amuzi vya kulipia viondoe chaneli za bure za ndani kwa kuwa leseni zao hazikuwaruhusu, na nyumba nyingi, yetu ikiwemo, zikajikuta na ving'amuzi viwili vimepandana kabatini: kimoja cha tamthilia, kingine cha taarifa ya habari. Kile cha pili kwetu bado kipo. Mume wangu alikuwa anakitumia kuegeshea remoti.

*

Kwa upande wa intaneti nilikuwa najiona mjanja. Januari nilijiunga na huduma moja ya kutazama muvi mtandaoni, inayokata kwa dola, ikawa kama shilingi 11,000 kwenye kadi yangu. Kwa bei ya sahani tatu za wali samaki napata muvi zisizo na mwisho! Mwezi wa kwanza nilitazama saa 19. Wa pili, saa 6. Wa tatu sikufungua hata mara moja, na wakakata vilevile kwa sababu sikujiondoa. Jumla 33,000 kwa saa 25, sawa na shilingi 1,320 kwa saa. Ningejitoa baada ya mwezi wa kwanza ingekuwa 579. Ile 22,000 ya miezi miwili ilinunua saa sita tu, na nyingine kati ya hizo nilikuwa nasinzia.

Lakini hiyo ni bei ya mlango tu. Ndani kuna bando, na hapo ndipo wengi tunapigwa bila kujua.

Netflix wenyewe wanaeleza kwamba saa moja ya picha safi ya HD inaweza kula hadi GB 3, na ya 4K hadi GB 7. Simu ukiiweka kwenye kubana data, GB 1 inakwenda kama saa sita. Ukiiacha ichague yenyewe, kama saa nne. Sasa shika kalamu. Mimi GB 1 nainunua kwa shilingi 2,000. Jumamosi moja mume wangu aliunganisha televisheni kwenye simu yangu, tukaangalia muvi ya saa mbili kwenye kioo kikubwa, picha inameremeta. GB 6 zikaenda. Shilingi 12,000, juu ya ile niliyokwisha kulipia huduma. Muvi hiyohiyo ningeitazama kwenye simu, data imebanwa, ingekula bando la kama shilingi 670. Hiyo 12,000 ndiyo tiketi ya sinema Mlimani City niliyokuja kuinunua Pasaka, ila huku nyumbani nilitazama huku nageuza maharage.

Basi ushauri wangu wa kwanza ni huu, na hauna gharama: kabla hujabadili kampuni, kifurushi au simu, ingia kwenye mipangilio, tafuta sehemu ya ubora wa picha, ishushe. Kioo cha simu cha inchi sita hakitakuonyesha tofauti unayoilipia.

Jirani yetu wa nyumba ya pili amejiwekea faiba, shilingi 55,000 kwa mwezi, haina kuhesabu GB. Kwake ni sahihi. Ana watoto wanne na mume anayefanya kazi nyumbani. Nilipojaribu kuipigia hesabu kwa saa zangu, nikafunga daftari.

Na usizoee sana cha bure kwenye huduma hizi. Wenzetu wa Kenya walionjeshwa Netflix bila malipo kwenye simu za Android kuanzia Septemba 2021, Novemba 2023 mpango ukafungwa. Mwaka huohuo 2023 Netflix wakaanza kubana ule mtindo wa ukoo mzima kutumia akaunti ya shemeji aliyeko Ulaya. Sisi ya kwetu ilikuwa ya wifi yangu. Nilimpigia simu kumlalamikia kama vile nilikuwa namlipa.

*

Sasa niingie kwenye rialiti, maana hapa hesabu yangu ilinishangaza mwenyewe.

Nilipojifunza kupenda vipindi hivi sikuwa na king'amuzi. Big Brother ilianzia Uholanzi mwaka 1999. Ya Afrika ikaanza 2003, watu kumi na wawili kutoka nchi kumi na mbili wamefungiwa nyumba moja Afrika Kusini, Mzambia Cherise Makubale akaondoka na dola 100,000, na Mwisho Mwampamba wa kwetu akashika nafasi ya pili. Mwaka 2007 Richard Bezuidenhout akaleta ushindi Tanzania. Mwaka 2014 akashinda Idris Sultan, dola 300,000, na huo ukawa msimu wa mwisho. Kulikuwa na chaneli ya saa 24 kwenye DStv, ukitaka unawatazama hata wakilala. Nani alikuwa na DStv mtaani kwetu? Mwenye baa, na dada mmoja wa saluni ambaye king'amuzi alinunuliwa na mchumba. Tulisuka nywele miaka ile kuliko wakati wowote. Mtu amesukwa Jumanne, Alhamisi anarudi kusema mistari imelegea.

Kwa hiyo mimi rialiti niliipata kwa bei ya rasta. Na nilichogundua miaka hii yote ni kwamba mtazamaji wa kawaida hahitaji kipindi kizima. Young, Famous & African ilipoingia Netflix Machi 2022, Diamond Platnumz na Zari wakiwemo, mtaani kila mtu alijua nani kamwambia nini Zari, wakati nyumba yenye Netflix niliyoijua mimi ilikuwa moja. Vilevile kwa The Real Housewives of Nairobi ya Showmax mwaka 2023: nimeona magomvi yote makubwa, sijawahi kuona kipindi kimoja mwanzo mpaka mwisho. Vipande vinawekwa YouTube, vingine na wenye kipindi wenyewe ili kutuvuta tujiunge. Msimu mmoja ninaoufuatilia kwa vipande unanichukua kama saa nne. Kwa ubora wa 360, simu yangu ilionyesha kama GB 0.3 kwa saa. Saa nne ni bando la shilingi 2,400. Kujiunga na huduma kwa miezi miwili au mitatu ya msimu ni zaidi ya mara kumi ya hapo, ukijumlisha na bando lake.

Muvi huwezi kuila kwa vipande, utamu unamwagika. Tamthilia ya kila siku nayo ni mazoea, ukikosa wiki unapotea. Rialiti ni umbea, na umbea siku zote umekuja kwa muhtasari. Shoga yako hakusimulii ugomvi wa harusini kuanzia walipoamka asubuhi.

Pale ambapo rialiti inakula pesa ni kwenye kura. Zamani hizo nilimpenda mshiriki mmoja wa shindano la kuimba, sauti kama ya kinanda. Kura ilikuwa kwa meseji, na meseji ile haikuwa ya bei ya kawaida. Nilituma kura za shilingi 6,000 kwa wiki moja, wakati huo mshahara wangu ukisomeka kwa darubini. Akatolewa Jumapili hiyohiyo. Sidai kurudishiwa. Nasema tu kwamba pesa ile ilikuwa kiingilio kikubwa kuliko vyote nilivyowahi kulipa hadi siku hiyo, na sikuonyeshwa kitu.

Na kuna mwizi mwingine ambaye sikuwa nimemwandika kwenye daftari. Mwisho wa Aprili niliingia kwenye simu, sehemu inayoonyesha programu gani imekula bando kiasi gani. Nilijua muvi zitaongoza. Zilishika nafasi ya tatu. Juu kabisa ilikuwa TikTok, GB 7 kwa mwezi, shilingi 14,000: harusi za wasanii, nani kaachana na nani, mtu anapika biriani kwa kasi. Kitu ninachokiita cha bure kilinigharimu kuliko ada ya muvi, na katika yote niliyoyatazama huko mwezi mzima naweza kukusimulia mawili. Washa ile sehemu ya kubana data. Tena washa leo.

*

Yule mdogo wangu ananicheka na hesabu zangu. Yeye ana njia mbili, zote za mtaani.

Ya kwanza ni kibanda umiza. Shilingi 500, benchi la mbao, jasho la watu arobaini, na muvi ya Kichina au ya Kihindi iliyotafsiriwa. Kwa muvi ya saa mbili ni shilingi 250 kwa saa. Mimi nilimfuata mara moja kwa ajili ya makala haya, na nikuambie kitu: yule mtafsiri peke yake anastahili kiingilio. Tangu enzi za mtafsiri Lufufu, huyu mtu hatafsiri, anatunga muvi ya pili juu ya ile ya kwanza. Jambazi wa Hong Kong anadaiwa kodi ya chumba Manzese. Wakenya wana DJ Afro wao, Waganda wana ma-VJ wao. Niliyoiona mimi nina hakika mwenyewe aliyeitengeneza asingeitambua, na ukumbi mzima ulicheka kwa pamoja, kitu ambacho simu yangu haijawahi kunipa. Mwanamke ukienda peke yako usiku utatazamwa zaidi ya muvi. Nenda mchana, nenda na mtu.

Ya pili ni flashi. Unampelekea kijana mwenye kompyuta kwenye kijichumba kando ya kituo cha daladala, unachagua kwenye orodha, muvi 500, sizoni nzima 1,000. Sizoni ya vipande kumi vya dakika 45 ni saa saba na nusu. Shilingi 133 kwa saa, hakuna bando, hakuna kukatiwa, na watu watano wanatazama. Kwa bei tupu hakuna kinachoikaribia isipokuwa king'amuzi cha mama yangu.

Hapa lazima niseme ninaloamini, ingawa litanipunguzia marafiki. Flashi ile ni wizi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tunayo tangu 1999, COSOTA wa kuisimamia wapo, na kijana yule hana kibali cha mtu yeyote. Sitajifanya mtakatifu, kwenye droo yangu kuna flashi tatu. Lakini muvi ya Kibongo siwekewi, na sababu yangu ni ya kizamani kidogo. Nakumbuka tulivyokuwa tunanunua CD za kina Steven Kanumba. Tulilalamika, tena kwa haki, kwamba hadithi moja inakatwa sehemu ya kwanza na ya pili ili ununue CD mbili, na ya pili nusu yake ni watu wanaendesha gari kimya. Ila tulinunua. Kanumba alifariki Aprili 7, 2012, na miaka michache baadaye soko la CD lenyewe likamfuata. Kopi za bei poa zilichangia kuliua, na waliobaki wakahamia kwenye ving'amuzi na YouTube. Kwa hiyo ukipenda msanii wa hapa na huna pesa, mtazame YouTube kwenye chaneli yake mwenyewe. Unalipa bando, naye anapata chake cha matangazo.

Kuna pia gharama nyingine za flashi ambazo muuzaji hakutajii. Moja ilinilia kompyuta ya kazini kwa virusi. Nyingine ilikuwa muvi mpya kabisa, iliyochukuliwa kwa kamera ndani ya ukumbi wa sinema. Dakika ya arobaini kichwa cha mtu kikasimama kwenda msalani na mhusika mkuu akafa nyuma ya kichwa hicho.

*

Nimebakiza sinema, ambayo kwa daftari langu ni upuuzi mtupu.

Jumatatu ya Pasaka nilimpeleka binti yangu Mlimani City. Tiketi mbili, 24,000. Bisi na soda, 17,000, na hizo bisi nikizipika mwenyewe hazifiki elfu mbili. Kwenda daladala, 1,200. Kurudi ilikuwa usiku na mvua ya masika inamwagika, bajaji 10,000. Jumla 52,200 kwa watu wawili na muvi ya saa mbili. Ni shilingi 13,050 kwa mtu kwa saa. Kwa pesa hiyo king'amuzi chetu kingetazamwa na familia miezi miwili kasoro kidogo.

Nitarudi Desemba.

Sitajaribu kuitetea kwa hesabu, haiteteeki. Naweza kusema tu kwamba kwa saa mbili sikushika simu, mwanangu hakushika simu, na sauti ilipopiga alinishika mkono, binti wa miaka kumi na sita ambaye siku hizi hata kunisalimia ananisalimia kwa kugeuza shingo. Tulipomsimulia mama, akaanza yake: Majestic ya Tanga, foleni ya wanawake, Bobby ya Raj Kapoor, na marehemu baba aliyenunua viti vya nyuma kwa sababu anazozijua yeye. Alipohamia Dar kwa muda, baba alimpeleka Drive-in ya Msasani kwa gari la kuazima. Pale siku hizi ni ubalozi wa Marekani. Bei ya tiketi haikumbuki. Nguo aliyovaa anaikumbuka.

Kama unataka ukumbi lakini mfuko haukubali, ziko njia. Kaa karibu na ratiba za Alliance Française na Goethe-Institut pale Upanga, huwa wanaonyesha filamu, mara nyingi bila kiingilio, na huko utakutana na za Kiafrika ambazo king'amuzi hakizijui. Na kama una ndugu Unguja wa kufikia, tamasha la ZIFF, lililoanza 1998, huonyesha filamu Ngome Kongwe, juu ni nyota, nyuma yako urojo wa Forodhani. Ukilipia hoteli hesabu inavunjika, kwa hiyo nimesema ndugu.

*

Daftari lilifungwa Mei 31. Tumekaa, mimi na mume wangu, tukakubaliana hivi. King'amuzi kinalipiwa mwezi ambao kuna mtu wa kukitazama mchana, na mwezi usio na mtu kinabaki kimezimwa. Chaneli za bure za ndani zinatutosha kwa habari, na kile king'amuzi cha pili hatimaye kimepata kazi. Huduma ya mtandaoni tutalipia mwezi mmoja tu kwa mwaka, Desemba, binti akiwa likizo, na siku ileile ya kujiunga nitabonyeza kujitoa, maana mwezi niliokwisha kulipia wataniachia niumalizie. Sinema mara mbili. Rialiti ni vipande na saluni. TikTok nimeiwekea kikomo cha dakika ishirini kwa siku, ambacho nakivunja, lakini sasa navunja nikijua bei.

Mume wangu aliuliza kuhusu mpira. Nikamwambia mpira una daftari lake.

Wewe chukua miezi yako miwili tu. Andika ulicholipa, andika saa, andika mlikuwa wangapi. Usiandike ulichokusudia kutazama.

Mama anarudi kliniki ya macho mwezi wa tisa. Shilingi 28,000 nimeshaiweka kando, na nimemwambia safari hii nitalipia siku atakayoshuka kwenye basi, ili mwezi wake uanze naye.